Betri za Kilima cha Kaseko

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Lugembe aliacha ugali sahanini akiwa amemega matonge mawili tu. Mkewe, Bertila, aliendelea kutafuna. Alimwona akinyoosha shingo kutazama nje, naye akatazama: wingu jeusi lilikuwa limejikusanya upande wa Tura, na upepo ulishaanza kuvingirisha majani makavu uani. Kabla Bertila hajameza alichokuwa akitafuna, mumewe alikuwa amevaa viatu bila soksi na pikipiki inanguruma.

Binti yao, Jenifa, alifunika sahani ya baba yake kwa bakuli, kama alivyofanya jana na juzi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na Jumamosi ile ndugu wa mchumba wake Luhende walikuwa waje kutoka Igunga kuzungumzia mahari. Alimuuliza mama yake kama siku hiyo nayo baba atakimbia. Bertila akamwambia aoshe vyombo.

Kutoka nyumbani kwao Itetemia mpaka Kilima cha Kaseko ni dakika ishirini kwa pikipiki. Juu ya kilima pana mnara mmoja, nyumba ndogo ya matofali na kibanda cha mlinzi. Ndani ya nyumba hiyo mna redio ambayo waongoza ndege walioko mjini huitumia kuongea na marubani walioko mbali, juu ya misitu ya miombo. Rubani akisema, sauti yake hupokelewa Kaseko kwanza. Muongoza ndege akijibu, jibu hupitia Kaseko kwenda angani. Kazi ya Lugembe ilikuwa moja tu: redio hiyo isikose umeme. Umeme wa kawaida ukikatika, jenereta hujiwasha yenyewe, lakini huchukua sekunde kumi na tano mpaka ishike. Betri ndizo huibeba redio kwa sekunde hizo. Zikishindwa, redio huzimika, na ikishazimika huchukua dakika sita kuamka, hata umeme ukirudi papo hapo.

Betri za Kaseko zilikuwa zimeshindwa. Hazikufika hata sekunde nne. Kwa hiyo kila wingu lilipotanda, Lugembe alikimbilia kilimani kuwasha jenereta kwa mkono na kuihamishia redio kwenye umeme wake kabla radi haijaukata umeme. Mvua ikipita, alizima, akashuka. Marubani hawakujua. Waongoza ndege hawakujua. Waliojua ni yeye na mkuu wake wa kazi, Zablon.

Betri zilikuja mwezi wa tano, mpya kwa kuzitazama, zimebandikwa karatasi zinazong'aa. Utaratibu unataka zipimwe kwa saa nane mfululizo kabla ya kupokelewa. Siku hiyo gari la mzabuni lilikuwa na haraka ya kurudi, na Zablon alimwekea Lugembe fomu juu ya boneti, akamwambia asaini tu, kupima watapima wiki inayofuata. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba majina ya watakaopewa ajira ya kudumu yapo mezani kwake. Lugembe alikuwa ametumikia kilima kile miaka kumi na mmoja kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Alisaini. Wiki inayofuata haikufika.

Mvua za kwanza zilipoonyesha ukweli, alimwendea Zablon ofisini. Zablon alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole ataandika nini kwenye taarifa. Kwamba alizipima saa nane zikawa nzima, na sasa hazimalizi sekunde nne? Nani alisaini? Lugembe akatoka. Tangu siku hiyo akaanza kukimbia.

*

Jumanne asubuhi Zablon alipanda kilimani na kijiti cha kupimia dizeli. Alikichovya tangini, akakitazama, akafungua daftari. Mafuta yaliyotakiwa kufika mwisho wa mwezi yalikuwa yamekwisha zaidi ya nusu, na mwezi ulikuwa na siku tisa tu tangu uanze.

"Mzee Lugembe," alisema, "umeme umekatika mara tatu tu mwezi huu. Dizeli imekwenda wapi?"

Lugembe alimtazama usoni. Zablon alijua dizeli ilikokwenda. Lakini pembeni yao alisimama mlinzi, Revocatus, na kumjibu hadharani ilikuwa ni kuitaja fomu ile. Akasema jenereta ilikuwa kwenye majaribio. Zablon akaagiza mfuko wake ufunguliwe. Ndani mlikuwa na koti la mvua, bisibisi, kifurushi cha michembe ya viazi vitamu vikavu na dumu la lita tano. Revocatus, ambaye kila asubuhi alikula naye michembe ile, aliambiwa alinuse dumu. Akafungua kifuniko, akanusa, akasema ni maji.

"Nusa tena," Zablon alisema.

Revocatus akanusa tena, macho yake yakiwa chini. Akasema tena ni maji. Zablon akachukua ufunguo wa chumba cha jenereta mfukoni mwa Lugembe, akamkabidhi Revocatus, akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo jenereta ijiwashe yenyewe tu, na fundi asiiguse bila ruhusa yake ya maandishi.

Habari ya namna hiyo haichelewi kushuka mlimani. Alhamisi, Bertila alikuwa kwenye cherehani yake, barazani huko Kanyenye, anashona sketi za sare, alipokuja mama mmoja mwenye mashine ya kusaga. Aliulizia bei ya kushona dera, akasogea karibu, akashusha sauti. Amesikia wana dizeli ya bei nafuu. Yeye ni mtu wa siri, hana maneno.

Bertila aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukatoka nje ya kitambaa. Alimwambia yule mama hawana dizeli. Mama yule akatabasamu kama mtu anayeelewa, akasema basi ikipatikana. Alipoondoka, wanawake wawili wa baraza la jirani waliacha kuongea, kisha wakaanza tena kwa sauti kubwa zaidi.

*

Jioni ile Bertila hakupika. Alimkalisha mumewe sebuleni, akamuuliza, bila kuzunguka, kama anauza mafuta ya serikali au ana mwanamke huko anakokimbilia. Alisema lolote kati ya hayo mawili, anataka alijue mwenyewe kabla wateja hawajamletea tena.

Lugembe alimweleza yote. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mwanafunzi: umeme, jenereta, betri, sekunde kumi na tano, dakika sita. Bertila hakuwa na shida na dakika. Alikuwa na swali moja.

"Kwa hiyo ulisaini?"

"Nilisaini."

"Na hukupima."

"Sikupima."

Moyoni Bertila alikuwa amepata nafuu na uchungu kwa pamoja, maana mumewe hakuwa mwizi wala mzinzi, na bado kulikuwa na fomu. Alimuuliza nini kitatokea akisema. Lugembe akajibu kwamba mkataba unaisha Desemba, na hakuna anayempa mkataba mtu aliyejiandika mwenyewe kuwa ni mwongo. Alitaka kwenda kwa wakubwa kesho yake, Ijumaa. Ufunguo alikuwa hana tena, na mvua hazimngoji mtu.

Bertila akamwomba asubiri. Wakwe wanakuja Jumamosi. Wale ni watu wa ng'ombe, watu wanaouliza ukoo wa mtu mpaka kwa babu. Wakifika na kukuta baba wa binti amefukuzwa kazi siku moja kabla, tena kwa saini ya uongo, watageuza gari. "Siku mbili tu, baba Jenifa," alisema. "Jumatatu nenda ukaseme unavyotaka."

Lugembe alikubali. Lakini Ijumaa hakuweza kutulia, akaenda Kanyenye kwenye duka la betri la Jignesh, lililofunguliwa na babu yake, mzee Velji, kabla wao wawili hawajazaliwa. Walikuwa wamesoma pamoja shule ya msingi. Alimwonyesha kwenye simu picha za namba zilizochongwa ubavuni mwa betri. Jignesh aliikuza picha kwa vidole viwili, akaenda nyuma, akarudi na daftari, akalifungua na kulifunga haraka.

Alisema betri hizo anazijua. Zilitoka kwenye minara ya simu, zikachoka, yeye akaziuza mwaka jana kama chuma chakavu kwa mtu wa Mwanza. Aliyezinunua amezisafisha na kuzibandika karatasi mpya. Lugembe akamuuliza kama anaweza kuyaandika maneno hayo.

"Hapana," Jignesh alisema. "Nakwambia kwa sababu ni wewe. Mtu mwingine akiniuliza, nitasema sikumbuki. Mimi nauza kwa watu hao hao, Lugembe."

Alimpa soda. Lugembe aliinywa nusu, amesimama.

*

Jumamosi wageni walifika saa saba mchana, watu watano, wakiongozwa na Masanja, baba mdogo wa Luhende. Alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo na koti zito, asiyeongea haraka. Salamu zilichukua muda wake, shikamoo na marahaba, habari za mvua, habari za malisho ya Igunga. Bertila alikuwa amepika wali na kuku wawili. Jenifa alikaa chumba cha ndani na shangazi yake, pazia limeshushwa, akisikiliza.

Lugembe alikaa kwenye kiti cha baba wa nyumba, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi. Alijibu alipoulizwa. Masanja alikuwa ameanza kueleza ni ng'ombe wangapi wanaweza kutembea na wangapi watageuzwa fedha, mwanga wa dirishani ulipobadilika rangi. Upepo ukagonga bati. Lugembe akanyanyuka nusu. Bertila, aliyekuwa akipakua, alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho mgeni hawezi kukiona. Lugembe akakaa.

Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ikapiga karibu, na feni ya juu ikaanza kupunguza mwendo mpaka ikasimama. Wageni hawakujali, umeme hukatika kwao pia. Masanja aliendelea na ng'ombe. Lugembe alisikia maneno bila kuyaelewa, maana kichwani alikuwa Kaseko: jenereta imeshawaka, redio imeshazimika, dakika ya kwanza.

Simu ililia mfukoni. Aliiacha. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu Masanja alinyamaza, akasema kwa adabu kwamba huenda kuna msiba, apokee tu.

Aliyepiga alikuwa Apolinaria, muongoza ndege wa zamu. Lugembe alimfahamu kwa sauti zaidi ya sura, sauti tulivu ambayo haikupanda hata siku za kazi nyingi.

"Fundi, redio ya Kaseko imekufa. Nina ndege mbili kwenye wingu moja. Moja inashuka na mgonjwa, nyingine inapanda. Hazinisikii. Itarudi lini?"

"Dakika nne," Lugembe alisema. "Inaamka. Hakuna cha kufanya, dada. Dakika nne."

Alisikia simu ikiwekwa mezani bila kukatwa. Alitoka nayo uani, mvuani, akasimama karibu na karo ya kufulia na simu sikioni. Apolinaria alikuwa akiita. Aliita ndege ya kwanza kwa jina lake, akairuhusu kushuka si chini ya kimo alichotaja, akasubiri. Kimya. Akaita ya pili, akaiambia ibaki kwenye kimo ilichofikia, isipande zaidi. Kimya. Akarudia. Kila aliporudia alitumia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, na kila mara sauti ilizidi kukauka, mpaka mwishoni ilikuwa kama ya mtu anayesoma karatasi. Lugembe alilowa mpaka mgongoni. Mlangoni wageni walikuwa wamesimama wakimtazama, na nyuma yao Jenifa alikuwa ametoka chumbani bila kujali pazia.

Kisha, katikati ya mkwaruzo, ikaja sauti ya mwanamume, rubani, akisema anamsikia. Baada yake mwingine. Apolinaria akawapa vimo vyao, mmoja baada ya mwingine. Rubani wa pili aliuliza kama kuna ndege nyingine jirani, maana alikuwa ameona taa zikipita chini yake, karibu mno. Apolinaria alimjibu ndiyo. Akashika simu.

"Zimepishana," alisema, akakata.

Lugembe alirudi ndani akidondosha maji sakafuni. Bertila alimpa taulo. Hakujipangusa. Masanja alimuuliza kama ni msiba.

"Si msiba," Lugembe alisema. "Ungekuwa msiba, ningekuwa nimeusababisha mimi. Kuna betri za redio za ndege pale kilimani. Nilitia saini kwamba nimezipima. Sikuzipima. Leo ndege mbili zimekaa dakika sita kama vipofu, moja ina mgonjwa."

Mvua ilikuwa nzito juu ya bati. Masanja alitazama fimbo yake, kisha akamtazama Bertila, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Alisema taratibu kwamba wametoka Igunga kuposa, hawakujiandaa kusikia kesi, na neno la namna hii lazima walipeleke nyumbani kwanza. Walimaliza chakula, kwa kuwa kukiacha kungekuwa tusi. Walinawa mikono, wakashukuru, wakaondoka mvua ilipopungua. Habari ya ng'ombe iliishia katikati.

Jenifa alikusanya sahani za wageni, akaziosha moja moja nje, kwenye maji ya mvua, kwa muda mrefu kuliko sahani zilivyohitaji.

*

Jumatatu Zablon alimwita Lugembe ofisini. Taarifa ilikuwa imeshachapwa: radi kubwa isiyo ya kawaida imeharibu betri zilizokuwa nzima. Palibaki nafasi ya saini ya fundi. Zablon hakutisha. Alisema mambo yameisha salama, na barua ya ajira ya kudumu imefika, ipo kabatini.

Lugembe akaomba kwenda na taarifa nyumbani aisome. Bertila aliisoma yeye kwanza, amesimama mlangoni, akaikunja. Kisha akaenda kwenye mfuko wa Jenifa, akatoa karatasi mbili za mistari na kalamu, akaziweka mezani.

"Andika," alisema. "Na mimi uniweke humo. Ungeondoka ile Jumamosi, ungekwenda kumpigia magoti Revocatus akupe ufunguo. Mimi ndiye niliyekukazia macho ukae."

"Wewe hukusaini."

"Basi andika yako. Lakini niko hapa."

Akakaa mkabala naye. Lugembe aliandika mpaka alasiri. Aliandika tarehe, boneti ya gari, fomu, dizeli, ufunguo. Alipofika kwenye saini yake alisita, akamuuliza mkewe kama aandike kwamba aliahidiwa ajira. Bertila akasema aandike, ila baada ya kuandika kwamba alisaini, si kabla.

Wakaguzi wawili walikuja kutoka Dar es Salaam wiki ile ile. Walizipima betri kwa sekunde, hawakuhitaji saa nane. Walifuata namba za betri mpaka kwa Jignesh, naye akasema hakumbuki, kama alivyoahidi. Lakini namba za ubavuni zilitosha. Betri mpya zilifika baada ya siku kumi, na fundi aliyekuja nazo alikesha akizipima. Zablon alihamishiwa kituo kingine, na mshahara wake. Lugembe aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa kama saini ni yake, akakubali. Mkataba wake ulikatishwa siku hiyo hiyo kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo. Waliandika pia kwamba wanatambua ushirikiano wake.

Siku moja Apolinaria alikuja Itetemia. Alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kuliko sauti yake. Bertila alimkaribisha chai, akaikataa kwa heshima. Alisema hakuja kushukuru wala kugombana. Mgonjwa wa ndege ile amejifungua, yeye na mtoto wapo hospitali. Alitaka tu kujua jambo moja: siku ile aliposaini, alijua betri ni mbovu?

Lugembe alifikiri. "Sikujua," alisema. "Ningepima ningejua. Nilisaini ili nisijue."

Apolinaria alitikisa kichwa kukubali, kama aliyepata alichofuata. Alisema bado akilala anaita ndege zile. Kisha akaaga.

Baada ya hapo Lugembe alianza kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, kazi ikipatikana. Siku nyingi haikupatikana. Alizunguka uani, akatengeneza mlango uliokuwa mzima, akapanda juu ya bati bila sababu. Jenifa na Luhende waliendelea kupigiana simu, lakini Igunga kwa wazee kulikuwa kimya, na Bertila aliacha kuulizia.

Jumapili ya tatu, wametoka misani, simu ya Bertila ililia. Ilikuwa namba ya Masanja. Mumewe alikuwa hatua chache mbele yao, na Jenifa akasimama kusikiliza. Mzee alisalimia kwa kirefu, akauliza mvua, akauliza mahindi. Kisha akasema wameyazungumza yale waliyoyasikia. Wengine walikataa. Yeye aliwaambia kwamba ameshakaa kwenye mabaraza mengi ya kuozesha, na amesikia wazazi wakiwasifu watoto wao na ukoo wao mpaka usiku, ila hajawahi kusikia baba akijisema mwenyewe mbele ya ng'ombe wa mahari. Watarudi Jumamosi ijayo.

"Ila safari hii, mama," alisema, "tunaomba baba wa binti awepo mpaka mwisho. Kama siku hiyo ana kazi, mtuambie mapema, tusogeze."

Bertila alimtazama mumewe, aliyekuwa amegeuka kuwasubiri katikati ya njia, mikono mfukoni, akitazama angani kwa mazoea.

"Njooni tu, baba," alisema. "Hana kazi."